Kwa nini riwaya za upelelezi za Kiingereza za zamani bado zinatushika, hata muuaji tukimjua?

#1 MsomajiUsiku

Salaam wanajukwaa. Juzi usiku nimemaliza kwa mara ya nne The Hound of the Baskervilles, riwaya ya Arthur Conan Doyle iliyoanza kuchapwa kwa mafungu katika jarida la Strand mwaka 1901. Muuaji namjua, hila yake naijua, na najua hata kwa nini mwizi wa pale hotelini London alirudisha kiatu kipya cha Sir Henry akaiba kikuukuu badala yake. Pamoja na hayo yote, saa nane ya usiku nilikuwa bado nimekikodolea macho kitabu, hata mke wangu akaniuliza kama kesho nina mtihani.

Swali langu ni hili. Ikiwa utamu wa riwaya hizi ni kutaka kujua nani kaua, basi zingepaswa kuchacha baada ya kusomwa mara moja, kama kitendawili kilichokwisha kuteguliwa. Mbona hazichachi? Na mbona ni hizi za Uingereza, za tangu 1887 hadi Vita vya Pili vya Dunia, ilhali kila mwaka zinatoka mpya zenye kompyuta, vinasaba na kamera za barabarani? Naomba majibu ya watu waliozisoma, siyo waliotazama filamu.

#2 Kalamu Butu

Mleta mada, mimi nina ugonjwa ulio kinyume cha wako. Mwaka 2013, hapa Mombasa, nilinunua nakala ya The Murder of Roger Ackroyd ya Agatha Christie, ile ya mwaka 1926, kwa muuza vitabu vya mitumba aliyetandaza gunia kando ya barabara. Nilipokaribia mwisho nikakuta kurasa zimenyofoka, imebaki gundi iliyokauka kwenye uti wa kitabu. Hadi leo sijui nani alimuua Bwana Ackroyd.

Kilichonizidishia machungu ni msomaji aliyenitangulia. Pembeni mwa ukurasa wa 41 ameandika kwa penseli jina la mtu na kulipigia mstari mara mbili. Ukurasa wa 88 amelikata na kuandika jingine. Kufikia pale kurasa zinapokatikia amekwisha kukata majina matano, na la sita ameliwekea alama ya kuuliza. Siku hizi nikikifungua kitabu hicho namfuata yeye zaidi ya ninavyomfuata Poirot, mpelelezi wa Christie. Naomba kwa heshima zote asitokee mtu wa kumwaga mchele humu.

#3 Bint Makunduchi

Pole, Kalamu Butu, mchele wako uko salama kwangu.

Kwa maoni yangu jibu limo katika mchezo ambao sote tumekulia: kitendawili, tega. Mtegaji haruhusiwi kudanganya. Kila kinachohitajika kimo ndani ya maneno aliyoyatamka. Waingereza waliufanya mchezo huo kuwa sheria. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri wa Kikatoliki aliyekuwa pia mwandishi wa hadithi hizi, alitangaza kanuni 10, miongoni mwazo kwamba mpelelezi asimfiche msomaji kidokezo alichokiona, kwamba pasiwe na njia ya siri zaidi ya moja, na kwamba pasitumike sumu isiyojulikana na wanasayansi. Mwaka uliofuata waandishi waliunda chama chao London, Detection Club, na wanachama wakala kiapo kwamba wapelelezi wao hawatategemea ufunuo wa Mungu, uchawi wala sadfa. Kwa lugha ya kwetu, ramli ilipigwa marufuku.

Ngoja nikupe mfano ninaoupenda. Katika Silver Blaze, hadithi ya Doyle ya mwaka 1892, kijana anayelinda zizi la farasi analishwa afyuni ya unga ndani ya mchuzi wa kondoo. Sherlock Holmes, mpelelezi wa Doyle, anauliza swali ambalo mpishi yeyote angeuliza: afyuni ya unga ina ladha, mlaji angeigundua katika chakula cha kawaida, ila mchuzi wa bizari ungeificha. Basi mgeni aliyepita usiku ule angewezaje kupanga nyumba ya watu wengine ipike mchuzi wa bizari siku hiyo hiyo? Mara ya kwanza niliisoma nikiwa jikoni nakaanga vitunguu, na niliona haya mwenyewe, kwa maana bizari ilikuwa mbele ya pua yangu muda wote nisiinuse.

#4 Pilipili Shamba

Mnajisumbua kutafuta falsafa mahali penye biashara. BBC walimrudisha Holmes mwaka 2010 akiwa na simu ya mkononi, vijana wakakimbilia vitabu. Kofia yenye masikio na ule msemo wake kwa swahiba wake Watson kwamba jambo ni jepesi, ndivyo vilivyouzwa. Mchezo wa Christie wa The Mousetrap umechezwa London tangu Novemba 1952 bila kukatika hata siku moja, na siyo kwa sababu una siri kubwa, bali kwa sababu mtalii akifika kule lazima arudi na cha kusimulia. Hayo ni mazoea, na mazoea yakitangazwa vizuri huitwa mapenzi.

#5 Mkazi wa Leicester

Pilipili Shamba, nakusahihisha kwa upole. The Mousetrap ulisimama Machi 2020 kwa sababu ya korona na haukurudi hadi Mei 2021. Ule msemo nao, kwa namna watu wanavyoutamka, haumo katika riwaya 4 wala hadithi fupi 56 za Doyle, na kofia hiyo tumepewa na mchoraji Sidney Paget. Naona ni wewe uliyetazama filamu.

Hoja yako ya matangazo inakwama pia kwa mtu mmoja. Mwaka 2014 Maktaba ya Uingereza ilichapa upya Mystery in White ya J. Jefferson Farjeon, riwaya ya mwaka 1937 ambayo karibu kila mtu alikuwa ameisahau. Haikuwa na filamu, na mwandishi hakuwa na jina. Ikauzwa makumi ya maelfu ya nakala kuelekea Krismasi. Abiria wa treni iliyokwama kwenye theluji wanaikimbilia nyumba isiyo na mtu, wanakuta mlango haukufungwa kwa ufunguo, moto unawaka, meza imeandaliwa chai, na wenyewe hawapo. Niliisoma majira ya baridi nikiwa peke yangu kwenye chumba cha kupanga, na kila birika lilipopiga kelele nilisimama kutazama mlango.

Kuhusu Baker Street, mtaa wa London ambako Holmes anakaa vitabuni kwenye namba 221B, nimekwenda. Mlango wa makumbusho umeandikwa 221B lakini upo kati ya nyumba namba 237 na 241, na zama za Holmes barabara hiyo haikuwa na namba kubwa kiasi hicho. Watu wanapanga foleni mvuani kuingia nyumba ya mtu ambaye hajapata kuishi, nami nilikuwa mmojawapo.

#6 Kiko cha Msa

Mjadala unakwenda vizuri, ila naona mnapita mlangoni mwa nyumba yetu bila kubisha hodi. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alimleta mpelelezi wake Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi. Kiko, swahiba wake Najum asiyeona yaliyo wazi, polisi wanaobaki nyuma: ukoo na Holmes hauhitaji shahidi.

Lakini tazameni alichokichukua kwa hakika. Katika hadithi ya mbwa wa Baskerville watu wa Dartmoor, nyika ya Uingereza, wanaamini kwamba bwana mkubwa ameuawa na jinamizi la ukoo. Katika Mzimu wa Watu wa Kale maiti inapatikana mahali pa tambiko, na watu wako tayari kuwaachia mizimu kesi hiyo. Wapelelezi wote wawili wanakataa. Wanasema kuna mtu, ana mikono, ana haja yake, na tutampata. Mimi nimekulia mtaa ambao kila kifo cha ghafla kilikuwa na jirani wa kunyooshewa kidole kwa uchawi. Nilipokuwa darasa la saba, ajuza mmoja alihama kwa sababu ya maneno hayo. Kitabu kinachosema tuliza moyo, tutazame kwanza alama za viatu, kwangu hakikuwa burudani tu. Ndiyo maana nasema zinadumu kwa sababu vita kati ya ushahidi na uvumi havijesha, na msomaji wa leo anayepokea uzushi kwenye simu yake asubuhi na jioni anaijua vita hiyo kuliko babu yake.

#7 Wakili wa Kata

Kiko cha Msa, Bwana Msa hakuwa askari mpelelezi? Nakumbuka hivyo kutoka shuleni.

#8 Kiko cha Msa

Hapana, mheshimiwa. Ni raia wa kawaida mwenye akili na muda. Ulisoma muhtasari wa mtihani, hukusoma kitabu.

#9 Mwalimu wa Kemia

Nimefurahia bandiko la 6, lakini nina ugomvi nalo. Ushahidi upi? Yule mbwa alipakwa fosforasi usoni ili ang'ae gizani. Fosforasi inayong'aa ingemuunguza na kumdhuru mnyama yule kabla hajamkimbiza mtu yeyote. Katika The Speckled Band ya mwaka 1892 kuna nyoka anayepewa maziwa, anayeitwa kwa mbinja na anayepanda kamba ya kengele kama baharia. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili walicheka hadi mmoja akaanguka kwenye stuli.

Kwa hiyo kinachotuvuta siyo sayansi, bali ni sauti ya mtu asiye na shaka. Holmes anatazama nguzo za simu za maandishi kupitia dirisha la treni, anajua zimepandwa kila baada ya yadi 60, anatangaza mwendo ni maili 53 na nusu kwa saa. Nani humu anaweza kutamka nusu hiyo bila kusitasita? Tunaishi na wataalamu wanaosema huenda, inategemea, tusubiri. Yeye anasema nusu.

#10 Nesi wa Doha

Mwalimu, usiwachanganye Doyle na Christie kwenye chungu kimoja. Christie alifanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali ya Torquay wakati wa Vita vya Kwanza na kufaulu mtihani wa kazi hiyo mwaka 1917. Riwaya yake ya kwanza, ya mwaka 1920, ilisifiwa na jarida la wafamasia kwa usahihi wa sumu yake.

Na kuna kisa ambacho sisi tunaofanya kazi Ghuba tunapenda kukisimulia. Mwaka 1977 mtoto wa miezi 19 kutoka Qatar alipelekwa hospitali mjini London akiwa karibu hana fahamu, na madaktari hawakujua anaumwa nini. Nesi aliyekuwa anamhudumia alikuwa anasoma The Pale Horse, riwaya ya Christie ya mwaka 1961, ambamo watu wanakufa kwa sumu ya thaliamu na dalili mojawapo ni kunyonyoka nywele. Aliona nywele za mtoto zinapukutika, akasema. Vipimo vikathibitisha: ni thaliamu, iliyokuwa ndani ya dawa ya kuulia wadudu na panya nyumbani kwao. Mtoto akapata nafuu. Tangu niliposikia kisa hicho, msimamizi wangu akinikuta na riwaya zamu ya usiku namwambia kwamba nipo masomoni. Hajawahi kukubali.

#11 Abiria wa Ubungo

Nina jibu fupi ambalo wasomi hamtalipenda. Doyle alifariki mwaka 1930, haki miliki ya vitabu vyake ilikwisha Uingereza miaka 70 baadaye, na leo vinapakuliwa bure kihalali. Hadithi moja inaanza Kimara na kwisha Magomeni, gari likikwama inakwisha kabla ya Manzese. Jarida la Strand lilianza Januari 1891, na Doyle aliona kwamba hadithi inayojitosheleza yenye shujaa yule yule inamfaa msomaji aliyekosa toleo lililopita. Alimpikia abiria, na abiria nipo.

#12 Wakili wa Kata

Nimeshaadhibiwa kwa swali langu, sasa nitoe hoja. Mshairi W. H. Auden aliandika mwaka 1948 kwamba hadithi hizi kwake ni uraibu kama tumbaku na pombe. Maelezo yake ni kwamba kijiji cha Kiingereza ndani yake ni kama bustani ya Edeni: mauaji yanaichafua, kila mtu anaonekana mwenye dhambi, mpelelezi anamtoa mmoja, na wote waliobaki wanarudishiwa usafi wao. Kumbukeni kwamba Christie na wenzake waliibuka mara tu baada ya vita iliyoua mamia ya maelfu ya vijana wao bila mtu mmoja wa kuulizwa kwa nini.

Mimi naliamini hilo kwa sababu ya kazi yangu. Nina shauri la mirathi ambalo limeahirishwa mara 11, mojawapo kwa sababu jalada halikuonekana, na likaja kuonekana chini ya jalada jingine kwenye meza ile ile. Nikirudi nyumbani nataka kitabu ambacho mwishoni watu wote wanakaa sebuleni, mtu mmoja anaeleza, na hakuna anayeomba tarehe nyingine. Ninachokiona kasoro ni kwamba kitabu kinafungwa kabla ya kamba. Uingereza ilinyonga hadi Agosti 1964, kwa hiyo karibu kila muuaji wa Christie wa miaka ya 1920 na 1930 aliyekamatwa alikuwa anaelekea kitanzini, na waandishi wengi hawatupeleki huko.

#13 Pilipili Shamba

Wakili, George Orwell alikumaliza mwaka 1946. Alisema Mwingereza hupenda mauaji Jumapili mchana, baada ya kushiba, miguu juu ya kochi. Ni kiburudisho cha tumbo lililojaa, hakuna Edeni hapo.

#14 Bint Makunduchi

Orwell katika makala hiyo alikuwa anazungumzia mauaji ya kweli yaliyoandikwa magazetini, siyo riwaya. Hili ni la tatu sasa, Pilipili. Tutakufungulia daftari.

Na Wakili, umeacha sentensi moja ya Auden ambayo inamhusu mleta mada moja kwa moja. Alisema akishaimaliza hadithi huisahau na hana hamu ya kuisoma tena. MsomajiUsiku anasoma mara ya nne. Hawa wawili hawaumwi ugonjwa mmoja.

#15 Mwana wa Kagera

Naomba kuingiza jambo ambalo mnalizunguka kama moto. Hatari katika vitabu hivi hutoka wapi mara nyingi? Daktari wa The Speckled Band alikaa India na kurudi na nyoka. The Sign of Four ya mwaka 1890 ina muuaji mfupi kutoka visiwa vya Andaman, ameelezwa kwa maneno ambayo sitamsomea mwanangu. Riwaya maarufu ya Christie ya mwaka 1939 ilitoka ikiwa na tusi la rangi kwenye jalada na ikabidi ibadilishwe jina. Sisi ni wajukuu wa upande ule hatari inakotoka. Kwa nini tunazipenda?

Jibu langu si zuri. Nadhani tunachungulia dirishani kwa bwana mkubwa. Babu yangu alikuwa mtumishi katika nyumba ya mzungu mmoja kabla ya uhuru, na alikuwa akisema kwamba alijua kila kitu cha nyumba ile isipokuwa walichokuwa wakinong'ona mlango ukifungwa. Katika Christie mlango unafunguliwa: kanali ana madeni, bibi mwenye lulu amewahi kubadilisha jina, kijana wa Oxford ameghushi wosia. Mtu mmoja tu ndiye muuaji, lakini karibu wote ni waongo. Babu angefurahi sana.

#16 Mkazi wa Leicester

Hoja nzito. Niongeze tu kwamba kanuni mojawapo ya Knox ilikataza kumtumia Mchina katika hadithi, na watu huisoma kama ubaguzi, ilhali alikuwa anapinga waandishi wavivu waliomfanya Mchina kuwa mhalifu kila mara. Yaani mwaka 1929 wenyewe kwa wenyewe walikuwa wameshachoshwa.

#17 Mwana wa Kagera

Asante kwa hilo. Kuchoshwa na mtindo hakumaanishi kuona aibu, lakini nimelipokea.

#18 MsomajiUsiku

Nawashukuru nyote. Nimesoma kila bandiko, na bado sijajibiwa. Fumbo la Bint Makunduchi linakwisha nikilitegua. Faraja ya Wakili nimeshaionja mara tatu. Dirisha la Mwana wa Kagera nimeshachungulia. Ninaporudia sitafuti muuaji. Narudi kuwakuta Holmes na Watson wamekaa, ukungu nje, barua imeletwa, Holmes anamkabidhi Watson fimbo aliyoisahau mgeni na kumuuliza inamwambia nini kuhusu mwenyewe. Watson anajibu kwa kujiamini na anakosea karibu kila kitu, wala hafukuzwi. Huenda nampenda Watson tu.

#19 Kiko cha Msa

Najum, bwana mdogo. Unampenda Najum.

#20 Bint Makunduchi

Mleta mada, jaribu Roger Ackroyd. Ilipotoka kuna wasomaji waliosema Christie amekiuka kanuni za mchezo, na Dorothy L. Sayers, mwandishi mwenzake, akamtetea. Anayeisoma mara ya pili anaona kwamba kila sentensi ilikuwa ya kweli na bado alidanganyika, na ile mara ya pili ni kitabu kingine kabisa kwa sababu

#21 Kalamu Butu

NYAMAZA HAPO HAPO.

#22 Bint Makunduchi

Nimenyamaza. Samahani, kaka.

#23 Mkazi wa Leicester

Kalamu Butu, ninayo nakala hapa mezani. Nikupigie picha kurasa za mwisho nikutumie? Hakuna atakayejua.

#24 Kalamu Butu

Nimekaa na swali lako tangu mchana. Tuma, lakini tuma Jumapili jioni. Jumamosi nataka nianze tena ukurasa wa kwanza nikiwa na penseli yangu mwenyewe, niandike majina yangu chini ya yale ya mwenzangu. Yule bwana wa ukurasa wa 41 huenda naye alinyofolewa kurasa, au alizinyofoa kwa hasira alipogundua.

#25 Pilipili Shamba

Wale majina sita aliowaandika, muuaji yumo?

#26 Bint Makunduchi

Usimjibu mtu yeyote.